Jirani wa Kobalti

Hakuna sheria iliyosema mkubwa akae kulia. Sheria ya Kura ilisema tu kwamba viti viwili viwekwe mbele ya mtungi, kimoja kila upande, na wahusika wajichagulie wenyewe. Lakini Lwifwa ni mji wa watu waliolelewa, na mtu aliyelelewa hamtangulii mkubwa wake kwenye kiti. Anasimama, anangoja, mkubwa anaketi kwanza. Na mkubwa akiachiwa achague, huketi mkono wa kulia, kwa kuwa huo ndio mkono wa kupokelea. Ilikuwa hivyo kila mara, na kwa sababu hakuna aliyeagiza iwe hivyo, hakuna aliyeona kama kuna jambo.

Jumatano ile aliyeketi kulia alikuwa Mzee Ambilikile Kasyupa, mwalimu wa kwaya mstaafu, mrefu, ndani ya suti ya kijivu iliyomkaa vizuri kabla hajaugua. Tusekile alimshika kiwiko akamsaidia kukaa, kisha akazunguka na kuketi kushoto. Yeye alikuwa fundi wa valvu kwenye visima vya mvuke vya mlima Ngozi, mama wa mtoto mmoja, na umri wake haukufika nusu ya umri wa mzee. Figo za wote wawili zilikuwa zimekufa. Walijuana kutoka chumba cha kusafisha damu, walikolazwa vitanda jirani. Mzee alikuwa akimsahihisha Tusekile kila alipoimba, naye Tusekile akizidi kuharibu sauti ili amchokoze.

Figo ilikuwa moja. Kitalu cha hospitali kiliotesha figo chache sana kwa mwaka, na hii ilikuwa imeiva na kuwafaa wote wawili. Madaktari walisema hawana sababu ya kitabibu ya kumtanguliza yeyote, na sheria haikuwaruhusu kuhesabu umri. Mambo yakifika hapo, huko nyanda za juu, binadamu hujitoa na kuiachia atomi.

Subilaga akatokeza mbele ya ukumbi na ufunguo wake. Cheo chake kilikuwa mtunza uso, na watani wake mjini hawakuchoka kumuuliza anatumia krimu gani. Uso alioutunza ulikuwa wa kipande cha shaba kisichozidi ukucha, kilichofungiwa ndani ya mtungi usio na hewa, kwenye baridi inayokaribia mwisho wa baridi yote. Juu ya shaba hiyo ilikaa atomi moja ya kobalti. Atomi za shaba zimejipanga kama mayai kwenye trei, na katikati yake kuna vishimo. Kobalti huishi ndani ya kishimo kimoja. Sindano iliyoning'inia juu yake ikiipiga kwa umeme kidogo, inaruka, halafu inatua ama palepale ilipokuwa ama katika kishimo cha jirani. Kimoja kiliitwa kulia, kingine kushoto. Hakuna mkono wa mtu unaofika huko, wala rushwa, wala ukoo. Ndiyo maana watu waliikubali.

Alizungusha ufunguo. Taa ya kulia ikawaka.

Watu walipiga makofi ya heshima, yasiyo na shangwe, kwa kuwa kila kura ina mtu wa pili. Tusekile ndiye aliyemwahi mzee kwa mkono wa pongezi. Alimwambia kwamba sasa yeye mwenyewe ataimba anavyotaka, hakuna tena wa kumsahihisha, na mzee akacheka huku machozi yakimtoka. Upasuaji ulipangwa kesho yake mchana.

*

Kati ya matengenezo na matengenezo, mtunza uso hakuruhusiwa kupitisha sindano juu ya shaba ili kuitazama. Sindano inayotembea huburuta atomi, na atomi iliyoburutwa haiaminiki tena. Basi kwa miezi kadhaa Subilaga alikuwa akiitumia kobalti bila kuiona, kama mtu anayepiga simu kwa jamaa wa mbali na kuridhika kwamba anaitika.

Siku ya matengenezo iliangukia Jumatano hiyohiyo. Saa nane mchana, ukumbi ukiwa mtupu, aliipitisha sindano taratibu na kuangalia picha ikijichora kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Kobalti ilionekana kama kilima kidogo. Kukizunguka kilima kulikuwa na viwimbi vya elektroni za shaba, na hivyo alivitarajia. Asichokitarajia ni kwamba viwimbi vile havikuwa vya duara. Upande mmoja vilikuwa vimekunjwa, na pale vilipokunjwa palikuwa na doa jeusi.

Alilijua doa hilo mara moja. Ilikuwa atomi ya salfa, imejibana karibu kabisa na kobalti. Alipoisogeza picha aliona madoa mengine, yametapakaa kila mahali.

Salfa haikutoka nje. Mtungi haukuwa umevuja. Ilitoka ndani ya shaba yenyewe, na aliyeitoa ni yeye. Shaba husafishwa kwa hatua mbili: kwanza inachubuliwa kwa gesi ya agoni mpaka tabaka la juu liondoke, halafu inachomwa ili uso uliochubuka ujipange upya. Kila fundi hufundishwa kwamba kuchoma kunasafisha, na ni kweli, ila moto ukizidi, uchafu uliolala ndani ya chuma huamka na kupanda juu. Wakati wa masika, Subilaga alikuwa ameichoma shaba ile mara moja zaidi ya inavyotakiwa. Hakuna aliyemtuma. Uso ulikuwa tayari safi, naye akataka uwe safi zaidi. Mzembe asingefanya kosa hilo, maana angekwenda nyumbani mapema.

Kilichobaki ni kujua jirani huyo alikuwa amefanya nini. Salfa ikikaa karibu na kobalti huvuta elektroni zilizo chini yake, na kishimo kimoja kinakuwa kirefu kuliko kingine. Subilaga aliirusha atomi mchana wote, akihesabu inapotua. Mara tisa kati ya kumi ilitua kulia.

Ndipo alipokumbuka viti. Hakuhitaji kufungua kumbukumbu zozote, kwa kuwa kila kura tangu masika ufunguo ulikuwa mkononi mwake na nyuso alizikumbuka. Waliokaa kulia walikuwa wakubwa, na walikuwa wameshinda, isipokuwa bibi mmoja tu. Waliokaa kushoto walikuwa wadogo. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mkubwa kutangulizwa ni jambo ambalo watu wa Lwifwa walishalizoea nje ya ukumbi.

Aliona aibu. Alikaa nayo pale kwenye kiti chake mpaka mashine ya baridi ilipobadilisha mlio, kisha akanyanyuka kwenda kwa Daktari Gwakisa.

*

Daktari Gwakisa Mwambelo aliisimamia Kura tangu ilipoanzishwa, na kabla ya hapo alikuwa daktari kijana katika enzi za vikaratasi. Alimsikiliza Subilaga mpaka mwisho. Hakumkaripia. Aliuliza kama salfa inaweza kuondolewa usiku huu, akajibiwa kwamba kuchubua, kuchoma na kupoza upya kunataka siku kadhaa, na kuihamishia kobalti mahali pengine kunataka majaribio ya wiki nzima, maana kila mahali pana jirani. Figo ilikuwa imeshatolewa kwenye kitalu. Isingefika Ijumaa.

"Basi turudie kwa vikaratasi," alisema Subilaga.

Daktari alimkumbusha vikaratasi vilikuwaje. Kimoja kililazwa kwenye friji ili mkono wa mchaguaji ukitambue kwa ubaridi. Shilingi nayo ilikuwa na mrushaji wake. Miaka ile figo zilikwenda kwa wenye majina, na wasio na majina walipewa pole. Kura ya atomi ndiyo kitu pekee katika hospitali hii ambacho maskini hakukitilia shaka.

Subilaga akasema kuna njia, na haihitaji shaba safi. Wabadilishane viti. Kura ipigwe mara mbili: mara ya kwanza mzee kulia na Tusekile kushoto, mara ya pili kinyume chake. Figo apewe yule atakayeshinda mara zote mbili, yaani ashinde kulia na ashinde kushoto pia. Kila mmoja akishinda mara moja, ni sare, wanaanza upya. Upendeleo wa salfa ungemsaidia mzee anapokaa kulia na kumuumiza kwa kiasi kilekile anapokaa kushoto, na Tusekile vivyo hivyo. Nafasi zao zingelingana kabisa, hata atomi iwe chafu namna gani.

Gwakisa alilifikiria jambo hilo kwa muda, akauona ukweli wake, akafurahi. Alisema ifanyike kesho asubuhi katika chumba kidogo, wagonjwa wawili, yeye na Subilaga. Watu wataambiwa umeme ulileta hitilafu. Shaba itasafishwa, na Kura itaendelea ikiwa safi.

"Sheria inasema mbele ya watu," alisema Subilaga.

"Mbele ya watu wataona nini? Taa ya kulia ikiwaka mara tisa kati ya kumi. Hutahitaji kuwaeleza salfa. Kila aliyemzika mtu wake tangu masika ataangalia taa hiyo na kukumbuka mtu wake alikaa wapi. Hao unawapa nini, Subilaga? Figo huna."

Subilaga alijua kwamba daktari hakuwa anajitetea mwenyewe, na hilo ndilo lililomtesa. Hawa wawili wangetendewa haki vilevile, mlango ukifungwa au ukiachwa wazi. Tofauti ilikuwa ni kwa watu ambao hawangeweza tena kufaidika na chochote.

Subilaga alipofika mlangoni, daktari alimwambia kwamba ufunguo anao yeye, na hatamnyang'anya.

*

Jioni Subilaga aliwaambia wagonjwa. Tusekile alikuwa kwenye mashine, mzee ameketi pembeni yake kwa mazoea. Alieleza kwa maneno mepesi, akasema kosa ni lake.

Mzee Ambilikile alikasirika kama alivyokuwa na haki ya kukasirika. Alisema ameshaambiwa figo ni yake, amesaini, mkewe ameshawapigia watoto simu. Kama kuna uchafu, yeye hakuuweka. Alikaa pale kwa sababu binti huyu alimkaribisha. Mtu akipewa kitu mchana hadharani, atarudishaje jioni? Sauti yake, ambayo wakati wake ilisikika mpaka nje ya kanisa, ilikatika katikati, akavuta pumzi.

Tusekile aliuliza iwapo angeshinda kama asingekuwa na adabu, akakimbilia kiti cha kulia. Subilaga alimjibu kwamba yaelekea angeshinda.

"Mama yangu atafurahi kusikia hivyo," alisema Tusekile, "maana adabu hiyo ni yeye aliyenichapia." Alicheka kidogo, halafu akageuza uso upande wa ukuta, na Subilaga akaona mabega yake yakitikisika.

Alipogeuka tena alimwomba mzee radhi kwanza. Akasema yeye hataki apewe, anataka tu ashindanishwe. Mzee alimtazama, akiwa bado na hasira, akasema kwamba kama ni hivyo basi liwe mbele za watu, asije mtu akadai Kasyupa alipewa figo chumbani.

Subilaga hakuwa ameuliza swali hilo, la hadharani au chumbani. Lakini lilipojibiwa aliona kwamba hakuwa na namna ya kuligeuza, na kwamba hata kabla ya kujibiwa alikuwa anasubiri mtu amsukume.

*

Alhamisi asubuhi ukumbi ulijaa, kwa kuwa kura haikuwahi kurudiwa hata mara moja. Mvua ya Lwifwa ilikuwa inanyesha kwa utulivu wake wa kawaida na makoti yalinukia moshi. Daktari Gwakisa alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani.

Subilaga alisimama kando ya mtungi akasema aliyopanga kusema. Kiti cha mkono wa kulia kimekuwa kikipendelewa tangu masika. Haikuwa hila ya mtu. Shaba ilichafuka, na yeye ndiye aliyeichafua bila kujua. Leo wagonjwa watabadilishana viti, na mshindi ni wa kushinda pande zote mbili. Watu walimsikiliza kama wanavyosikilizwa wataalamu, kwa kutikisa kichwa na kuelewa nusu.

Mzee akaketi kulia, Tusekile kushoto. Taa ya kulia ikawaka. Wakanyanyuka. Wagonjwa wa figo hawanyanyuki haraka, na Tusekile ilibidi aambiwe mara mbili aketi kwenye kiti kile huku mzee akiwa bado amesimama. Aliketi ukingoni, kama mgeni. Taa ya kulia ikawaka. Kila mmoja ameshinda mara moja, sare. Wakanyanyuka tena.

Kulia. Wakabadilishana. Kulia. Wakabadilishana.

Wakati wa duru ya tatu watu walikuwa wameacha kunong'ona. Kuna mwanamume alianza kulitaja jina la upande kabla taa haijawaka, akawa anapatia, kisha akaona anachokifanya akafunga mdomo. Wakaendelea kuangalia. Walikuwa wamekuja kumtazama mzee na binti, ila sasa hakuna aliyewatazama. Macho yote yalikuwa kwenye taa ile moja inayowaka na kuzimika na kuwaka. Maneno ya Subilaga hayakuwafikisha hapo, taa ndiyo iliyowafikisha.

Muuguzi alileta maji. Mzee alikunywa, akampa Tusekile kilichobaki, wakapumzika kidogo kabla ya duru nyingine.

Mzee alikaa kulia. Taa ya kulia ikawaka, ikawa yake. Wakabadilishana, mzee akashuka polepole kwenye kiti cha kushoto akiegemea fimbo. Subilaga akazungusha ufunguo.

Ikawaka ya kushoto.

Ukumbi haukuelewa papo hapo, na mzee pia hakuelewa. Alikuwa ameshaanza kunyanyuka ili wabadilishane. Tusekile alimshika mkono akamrudisha kitini.

"Kaa, mwalimu. Umeshinda pande zote."

Tusekile alimtazama Subilaga kuhakikisha, na Subilaga akaitikia kwa kichwa. Tusekile akavuta pumzi ndefu, uso wake umepauka kama wa mtu aliyetoka kwenye baridi, akasema kwa sauti ambayo safu za mbele zilisikia:

"Haya. Sasa nimeshindwa mimi, si kiti."

Akaomba asaidiwe kusimama, kwa sababu mashine ilikuwa inamngoja. Mzee Ambilikile alibaki kwenye kiti cha kushoto ameshika fimbo kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyempigia makofi, na hakuonekana kuyataka. Wauguzi walipomjia na machela aliwauliza kama binti amekwishafika chumbani, wakamwambia ndiyo, ndipo akakubali kulala.

Kwa kawaida baada ya kura watu hutoka. Safari hii walikaa. Mvua iliendelea juu ya bati na Daktari Gwakisa hakugeuka nyuma.

Mwanamke mmoja wa makamo alinyanyuka kutoka safu za nyuma, akapita katikati akiwa na khanga begani, akaja mpaka kwenye kiti cha kushoto na kuweka kiganja juu ya egemeo lake. Subilaga alimtambua. Alikuwa mama Lwitiko. Mwezi wa tano alikuja pale na mumewe, Anangisye, seremala, ambaye alimpisha mzee wa Katumba akae kulia, na mwezi wa sita akazikwa.

Mama Lwitiko hakupandisha sauti. Aliuliza iwapo Anangisye angepata kama shaba ingekuwa safi siku ile.

Subilaga alikuwa na hesabu zote kichwani, na hata moja haikujibu swali hilo.

"Sijui, mama. Angeweza kupata, angeweza kukosa. Sasa hakuna njia ya kujua."

Mama Lwitiko alitazama mlango aliopitia Tusekile alipoondoka.

"Yule binti atakufa huku anajua alishindwa na nini," alisema. "Mimi hata hicho hamkuniachia."

Akaketi kwenye kiti. Hakudai kitu kingine. Subilaga alibaki amesimama mbele yake na ufunguo mkononi, na nyuma ya mama Lwitiko watu wengine walikuwa wameanza kunyanyuka, mmoja mmoja, na kujipanga.